Unakwenda baleti mara ya kwanza? Anza na siti

Kila mwaka vijana wetu wanapoondoka Kigoma kwenda kusoma Urusi, najua wameanza kuzoea pale simu yangu inapoita na sauti ya upande wa pili inaposema, "Shikamoo shangazi. Darasa zima tunakwenda kutazama baleti, mimi nikate tiketi ya wapi?" Baleti ni ile ngoma ya jukwaani ya kizungu, kisa kinasimuliwa kwa kucheza tu, bila maneno. Siku hizi hawaulizi wanafunzi peke yao. Kuna mama wa Ujiji aliyekwenda Uingereza kumlea mjukuu, mkwewe akamwambia achague siti mwenyewe. Kuna jamaa waliotoka kambi ya Nyarugusu wakahamia Marekani, na Desemba ikifika wenyeji wao wanawaalika kwenye The Nutcracker, baleti ya Krismasi. Swali ni lile lile, na mimi nimechoka kulijibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba huku wateja wamejipanga dirishani kwenye duka langu la dawa hapa Mwanga. Sasa nimeliandika lote. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Nilisomea famasia St. Petersburg, na somo la siti nililipata kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilinunua tiketi ya bei ya chini kuliko zote, ghorofa ya tatu, pembeni kabisa, katika ukumbi ambao sitautaja. Mchezaji alikuwa anaruka, anapotelea ukutani, halafu anarudi baadaye kama mtoto aliyetumwa chumvi. Robo nzima ya jukwaa sikuiona. Nilirudi hosteli shingo imepinda, nikiamini kwamba baleti ni mchezo wa kujificha.

Tangu siku ile kanuni yangu ni hii: katikati kwanza, kimo pili, ukaribu mwisho. Wengi wetu tunaianzia mkiani, na sababu naijua. Ngoma ya kwetu inachezewa kwenye duara. Ukijipenyeza mpaka mbele umefaidi, na mchezaji akikupa mgongo sasa hivi, punde atakugeukia. Baleti haina duara. Ina uso mmoja tu, ule unaoelekea watazamaji, na kila mkono na kila mguu umepangwa upendeze ukitazamwa kutoka mbele, usawa wa katikati. Aliyekaa ubavuni anaiona kwa kuiba.

## Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Jina la baleti yenyewe, na tarehe. Urusi utaikuta Swan Lake imeandikwa Lebedinoye ozero, na The Nutcracker imeandikwa Shchelkunchik, kwa herufi zao.
- Ramani ya siti ya ukumbi husika. Iko kwenye tovuti ya ukumbi, unapobonyeza kununua tiketi.
- Kiasi cha fedha ulichoamua, pamoja na nauli ya kurudi usiku.
- Pasipoti au kitambulisho. Kumbi nyingine huandika jina kwenye tiketi na kulikagua mlangoni.
- Darubini ndogo, kama unayo. Usihangaike kununua, nitaeleza mbele.
- Kujijua. Je, u mfupi? Unaogopa urefu? Magoti yanauma ukikunja saa nzima? Haya yanabadilisha jibu kuliko unavyodhani.

## Hatua

1. Hakikisha ni ukumbi gani, na ni jukwaa lipi la ukumbi huo.

Nyumba moja ya maonyesho inaweza kuwa na kumbi mbili au tatu. Mariinsky ya St. Petersburg ina jengo la zamani lililofunguliwa mwaka 1860 na jengo jipya, Mariinsky II, lililofunguliwa mwaka 2013 ng'ambo ya mfereji. Bolshoi ya Moscow nayo ina Jukwaa la Kihistoria na Jukwaa Jipya, lililoanza kazi mwaka 2002. Siti ya "pembeni, ghorofa ya pili" si kitu kimoja kwenye jengo la zamani na jipya. Majengo ya zamani yamejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi: ghorofa zinazunguka ukumbi mpaka zinakaribia jukwaa. Watu wenye vyeo walikaa kule mwisho wa mkunjo ili waonekane na wenzao. Kuona jukwaa lilikuwa jambo la ziada. Wewe hukwenda kuonekana.

Na usiende jengo lisilo lako. Kijana mmoja wa Kasulu alisimama nje ya jengo la zamani na tiketi ya jengo jipya mpaka kengele ikalia.

2. Jua baleti unayokwenda kuona inataka nini.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaopewa na watu unapokosea, maana wanakutajia siti nzuri bila kuuliza unakwenda kuona nini.

Baleti za makundi zinataka kimo. Swan Lake ndiyo mfano. Toleo linalofuatwa mpaka leo na kumbi nyingi lilitengenezwa na watunga ngoma Petipa na Ivanov mwaka 1895, na uzuri wake mkubwa ni safu za wasichana waliogeuzwa kuwa bata-maji, wakijipanga mistari, wakivunja mistari, wakitengeneza pembe na mapande. La Bayadère nayo ina sehemu maarufu ambapo vivuli vya wafu vinashuka mteremko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia hatua ile ile, mpaka jukwaa linajaa weupe. Ukiwa safu ya mbele chini, unaona wasichana sita na migongo. Ukiwa juu, unaona umbo zima.

Nikifafanua kwa mambo ya nyumbani: nenda mwaloni Kibirizi usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani. Ukisimama kwenye mchanga unahesabu taa tatu nne, nyingine zimejificha nyuma ya zile za mbele. Panda kilimani utazame tena. Taa ni zile zile, lakini sasa unaona mji mzima umewashwa juu ya Tanganyika. Basi ghorofa ya kwanza ya ukumbi ndiyo kilima chako.

Baleti za uso zinataka ukaribu kiasi. Giselle, iliyochezwa kwanza Paris mwaka 1841, ina sehemu ambapo msichana anagundua amedanganywa na mchumba na akili inamruka mbele ya kijiji kizima. Hapo unataka kuona macho. Romeo and Juliet nayo iko hivyo. Kwa hizi, teremka ghorofa moja kuliko ambavyo ungekaa kwa Swan Lake, au beba darubini.

The Nutcracker iko katikati ya hizo mbili. Sehemu ya kwanza ni sebule yenye sherehe ya Krismasi na watoto wengi, ya pili ni ngoma fupi fupi za mataifa na maua. Popote katikati panafaa, na ndiyo maana ni baleti nzuri ya kuanzia.

3. Chora mstari wa katikati kwenye ramani.

Chukua ramani ya siti, weka rula au ukingo wa karatasi katikati ya jukwaa, ushushe moja kwa moja mpaka nyuma. Sasa tafuta siti zilizo karibu na mstari huo, ghorofa yoyote. Kadiri unavyouacha mstari ndivyo unavyolipa kwa shingo.

Jambo la kukumbuka: ukikaa kushoto, kinachopotea ni kona ya kushoto ya jukwaa, si ya kulia. Watu hudhani upande walio karibu nao ndio watakaouona vizuri. Ni kinyume chake. Ukuta wa upande wako unakuziba kona ya upande wako, hasa sehemu ya nyuma.

Nikiwa na fedha kidogo, nachagua katikati ghorofa ya juu kabisa kabla ya pembeni ghorofa ya chini. Nimewahi kubishana na rafiki yangu juu ya hili mpaka tukakata tiketi mbili tofauti, yeye kiti cha velveti pembeni karibu na jukwaa, mimi juu darini katikati. Wakati wa mapumziko alinifuata.

4. Chagua ghorofa, na usidanganywe na majina.

Majina yaliyochapwa kwenye tiketi ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu neno lile lile linabadilika maana ukivuka mpaka.

Urusi: *parter* ni chini, sakafu ya ukumbi. *Amfiteatr* kwa kawaida iko chini pia, nyuma ya parter, imeinuliwa kidogo. *Benuar* ni vyumba vidogo vinavyozunguka parter. *Beletazh* ni ghorofa ya kwanza juu yake. Halafu zinafuata *yarus* za kwanza, pili, tatu na kuendelea, kila moja juu ya mwenzake.

London, Royal Opera House: *Orchestra Stalls* ni sakafuni, *Stalls Circle* inazunguka sakafu hiyo, kisha *Grand Tier*, kisha *Balcony*, na *Amphitheatre* ni juu kabisa karibu na dari. Umeona? Amfiteatr ya Moscow iko chini, Amphitheatre ya London iko mawinguni. Yule mama wa Ujiji alikuwa ameelekezwa na mpwa wake aliyesoma Moscow kwamba "amfiteata ni pazuri, huna ngazi za kupanda." Magoti yake yalijuta.

Marekani: *Orchestra* ni siti za sakafuni. Huendi kukaa na wapiga vyombo. New York kwenye David H. Koch Theater, nyumbani kwa New York City Ballet, ghorofa huitwa *Ring*, ya kwanza mpaka ya nne. Paris nako sakafu huitwa *Orchestre*.

Baada ya kuvuka mtego huo, maoni yangu ni haya. Kwa mara ya kwanza, safu za mbele za ghorofa ya kwanza, katikati, hazina mpinzani: Beletazh, Grand Tier, First Ring. Unaona miguu, unaona mistari, na uso bado ni uso. Bei yake nayo inajua hivyo. Ukishindwa, nenda ghorofa inayofuata juu, katikati vile vile. Ukishindwa tena, nenda juu kabisa katikati na uazime darubini. Sakafuni naiweka ya tatu au ya nne, isipokuwa ukumbi una mteremko mzuri.

Ghorofa za juu kabisa zina ngazi za wima, mithili ya kupanda meli ya Liemba kutoka kwenye mtumbwi. Kama urefu unakusumbua, usijikaze kiume. Kaa siti ya ndani, mbali na ukingo, au shuka ghorofa moja ulipe zaidi.

5. Chagua safu.

*Sakafuni:* epuka safu za kwanza tatu au nne. Jukwaa limeinuka mpaka karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa hiyo sakafu yake unaiona kama mstari tu, na miguu ya walio nyuma inakatwa. Baleti bila miguu ni kama ugali bila mboga. Kwenye Swan Lake kuna wasichana wanne wanaocheza wameshikana mikono kwa kupishanisha, vichwa vinageuka pamoja, na kazi yote iko kwenye vidole vya miguu. Nimekaa safu ya pili nikaona vichwa vinne vinavyogeuka. Anzia safu ya saba au ya nane mpaka kama ya kumi na tano. Nyuma zaidi ya hapo vichwa vinaongezeka, na ukifika chini ya roshani ya ghorofa ya kwanza muziki unafifia.

Majukwaa mengi ya zamani, likiwemo la Palais Garnier ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1875, yameinamishwa kuelekea watazamaji. Hiyo inamsaidia kidogo aliye sakafuni. Majukwaa mapya mengi ni bapa.

*Ghorofani:* safu ya kwanza ina faida ya kutokuwa na kichwa mbele, ila ina ukingo wenye chuma. Mtu mfupi akikaa wima, chuma kile kinapita katikati ya jukwaa jioni nzima. Mimi ni mfupi, nachukua safu ya pili au ya tatu. Mrefu achukue ya kwanza.

*Vyumba vya pembeni:* vina viti vya mbele na vya nyuma ndani ya chumba kimoja, na vya nyuma ni bei rahisi kwa sababu inayoeleweka. Ukinunua cha nyuma, jihesabu kuwa umenunua nafasi ya kusimama.

6. Soma maandishi madogo.

Siti ikiwa rahisi kuliko jirani zake, kuna kitu. Tafuta maneno yanayosema mwono umezuiwa. Uingereza wanaandika *restricted view*, Ufaransa *visibilité réduite*, na Urusi wanaweka alama au maelezo unapobonyeza siti. Inaweza kuwa nguzo, chuma, taa, au pembe kali. Kumbi za kiungwana zinakuonyesha picha ya jukwaa kama linavyoonekana kutoka kwenye siti hiyo. Royal Opera House wanafanya hivyo. Itazame picha hiyo kwa makini kuliko unavyotazama bei.

Nguzo inavumilika kama mtu anaweza kuegemea kidogo. Pembe haivumiliki, maana hakuna pa kuegemea.

7. Kama mko wawili au zaidi, hakikisha namba zinapakana.

Kumbi nyingi za Ufaransa hupanga namba shufwa upande mmoja na witiri upande mwingine. Namba 1 inapakana na 3. Namba 1 na 2 ziko katikati, ila namba 15 na 16 zinaweza kuwa ng'ambo na ng'ambo ya ukumbi. Kumbi kadhaa za Marekani ziko hivyo hivyo. Bwana na bibi harusi mmoja walikaa mbali hivyo fungate yao nzima ya Paris, wakawa wanapungiana mikono. Tazama ramani, usitazame namba.

Ukiwa na mtoto, kagua umri unaoruhusiwa. Urusi umri unachapwa kwenye tangazo na tiketi, mfano 6+. Mtoto mkae naye pembezoni mwa njia, mkijua kwamba haja ndogo haisubiri mapumziko.

8. Nunua kwa wenyewe.

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi au dirishani kwao. Ukitafuta kwa haraka kwenye intaneti, tovuti za kwanza kutokea mara nyingi ni za walanguzi, zimepambwa kuliko za wenyewe, na bei imezidishwa. Baadhi hazikuambii hata siti yako ni ipi mpaka umelipa. Kazi yote ya hatua saba zilizopita imekwenda na maji.

Walio Urusi: kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa Tanzania hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022. Nenda *kassa*, yaani dirisha la tiketi, na fedha taslimu, au muombe mwenzako mwenye kadi ya benki ya kule. Dirishani kuna faida nyingine. Yule mama anayeuza tiketi amekaa pale miaka mingi, na ukimwambia kwa Kirusi chako kibovu kwamba ni mara yako ya kwanza, atageuza skrini akuonyeshe siti ambayo wewe usingeiona. Mimi ndivyo nilivyopata siti yangu nzuri ya kwanza.

Nunua mapema. Tiketi za katikati ndizo za kwanza kuisha, na The Nutcracker ya Desemba, kwa nchi hizo, ni kama basi la mkesha wa Idi.

9. Siku yenyewe, fika mapema.

Dakika arobaini na tano kabla zinatosha. Urusi koti la baridi haliingii ukumbini. Unalikabidhi *garderob* unapewa kibati chenye namba. Foleni ya pale ni ndefu kuingia na ndefu zaidi kutoka. Darubini za kukodi zinapatikana hapo hapo kwenye kumbi nyingi.

Kuhusu darubini: ile ya mara tatu au nne inatosha. Kuna kijana anayetembeza watalii Gombe, alibeba ile yake ya kutazamia sokwe, ya mara nane. Alikuwa anaona jino la mchezaji mmoja huku wengine ishirini wamempita. Itumie kwa uso, kisha ishushe.

Kengele zinalia mara tatu. Baada ya ya tatu milango inafungwa, na aliyechelewa anasubiri nje mpaka sehemu iishe, hata kama siti yake ni ya dhahabu.

## Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua siti ya mbele kabisa "ili nione vizuri". Nimeshasema, narudia, na bado kuna mtu atainunua.

Kununua siti ya bei kubwa kuliko zote ukidhani bei ni kipimo. Siti nyingine ni ghali kwa sababu ya velveti, mlango wake wa peke yake, na historia ya waliowahi kuikalia.

Kuegemea mbele ukiwa ghorofani. Ukijisogeza sentimita kumi, wa nyuma yako wote wanapoteza jukwaa, nao wataegemea, na wa nyuma yao vile vile. Kaa umebana mgongo kwenye kiti.

Kufuata picha za mtandaoni zilizopigwa wakati ukumbi ni mtupu. Hazina vichwa.

## Mambo yakienda mrama

Umekaa, na kichwa kikubwa kiko mbele yako. Subiri taa zizime. Kama kuna siti tupu kwenye safu yako, sogea moja. Kama hakuna, jipange kutazama kwa pengo la kati ya vichwa viwili na usihame hame. Kwa mtoto, muulize mwelekezaji kama kuna mto wa kukalia. Kumbi nyingi wanayo na ni bure au kwa amana.

Umegundua siti yako haioni nusu ya jukwaa. Usihame onyesho likiendelea. Wakati wa mapumziko mfuate mwelekezaji, msalimie kwanza, umwonyeshe tiketi, umwombe kama kuna nafasi. Wale mabibi wa kumbi za Urusi ni wakali kama walezi wa bweni, lakini mtu akiomba kwa adabu wanalainika. Ukihama bila kuomba watakuja kukutoa mbele za watu. Nimeshuhudia.

Umepata kizunguzungu huko juu. Tazama kiti cha mbele yako, si ukingo. Pumua. Ikizidi, toka wakati wa makofi, omba kukaa nyuma karibu na mlango.

Tiketi za katikati zimeisha zote. Uliza nafasi za kusimama za katikati; Royal Opera House wanauza, na kwa kijana mwenye miguu ni bora kuliko kukaa pembeni. Au badili siku. Onyesho la mchana katikati ya wiki huwa na nafasi kuliko la Jumamosi usiku. Au chagua pembeni lakini ghorofa ya chini na safu ya mbele ya ghorofa hiyo.

Umekaa mahali pazuri lakini huelewi kinachoendelea. Hiyo si ya siti. Soma kisa chake kabla, ukurasa mmoja unatosha, maana hakuna atakayesema neno mpaka mwisho.

Umealikwa na mwenyeji, tiketi ameshanunua, na ni safu ya kwanza sakafuni. Shukuru, nenda, usimfundishe. Ukiwa hapo tazama kile ambacho sisi wa juu hatukipati: jasho, pumzi, mlio wa viatu vikigonga mbao, kidevu cha msichana kikitetemeka baada ya kuzunguka mara 32 kwa mguu mmoja kwenye Swan Lake. Mimi wa ghorofani nitakuwa naangalia kama amebaki pale pale alipoanzia au ametambaa mita mbili mbele. Wakati wa mapumziko tutapeana habari.

Hutarajii kusafiri karibuni na hamu imeshakushika. Nairobi wanacheza The Nutcracker mwishoni mwa mwaka, Kenya National Theatre. Basi na nauli ni juu yako. Siti, unajua.